Jicho la kale katika kamera ya leo

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja hugombana kama wake wenza. Ya kwanza husema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili hutuonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Mwalimu wa fasihi akiwauliza wanafunzi wake ni ipi kati ya hizo iliyo na ukweli zaidi, bila shaka darasa litagawanyika. Mimi katika ujana wangu nilikuwa mfuasi wa ile ya kwanza. Leo nimehamia upande wa ile ya pili, japo si bila masharti. Kilichonihamisha ni kipande cha chuma na kioo kinachoweza kufichwa katika kiganja cha mkono: lenzi ya kamera iliyotengenezwa zaidi ya miaka sitini iliyopita.

Nianze na kisa chenyewe. Mwalimu aliyenifundisha fizikia katika shule ya upili alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliokwenda kusoma Moscow katika miaka ya 1960. Aliporejea nyumbani alileta shahada, koti zito ambalo hakupata kulivaa tena, na kamera ya Kirusi aina ya Zorki. Kwa kamera hiyo aliwapiga picha wanafunzi wake mwaka baada ya mwaka, hadi alipostaafu na kurudi kwao Pwani. Hivi majuzi sisi tuliopita mikononi mwake tulikwenda kumjulia hali. Nilikuwa na kamera yangu ya filamu, Bessa-R, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Mzee aliitazama, akainuka polepole, akaenda chumbani, akarudi na kopo la bati.

"Kamera yangu ilikufa zamani, mwanangu," alisema. "Mapazia yake yalipasuka. Lakini jicho lake bado laona. Hebu lijaribu katika hiyo yako."

Nilidhani anatania. Kamera yangu ilitengenezwa Japani mwanzoni mwa karne hii, na lenzi ile ilitoka Krasnogorsk, karibu na Moscow, mwaka 1963. Tarakimu mbili za mwanzo za nambari iliyochongwa kwenye ukingo wake ndizo hutambulisha mwaka. Watengenezaji wake hawakujuana, hawakuzungumza lugha moja, wala hawakuishi chini ya siasa ya aina moja. Hata hivyo niliondoa lenzi yangu, nikaiweka ile kuukuu mahali pake, nikaizungusha. Iliingia sawasawa kama kifuniko kinavyoingia katika chupa yake.

Kabla sijaeleza yaliyofuata, yafaa tujiulize: iliwezekanaje?

Jibu lake linaanzia katika mji mdogo wa Wetzlar nchini Ujerumani, kwenye kiwanda cha Ernst Leitz kilichosifika kwa kuunda hadubini. Fundi mmoja wa kiwanda hicho, Oskar Barnack, ambaye afya yake haikuwa nzuri, alichoshwa na kubeba kamera kubwa za siku zile. Kufikia mwaka 1914 alikuwa amekwisha kuunda kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Vita Vikuu vya Kwanza vikaichelewesha kazi hiyo, na kamera yenyewe, iliyopewa jina la Leica, haikuonyeshwa hadharani hadi mwaka 1925 katika maonyesho ya biashara ya Leipzig. Baadaye Leitz waliamua kwamba lenzi ziweze kutolewa na kubadilishwa. Wakachagua tundu lenye kipenyo cha milimita 39 na hesi zenye mizunguko 26 kwa kila inchi. Msomaji ataona ajabu ya mchanganyiko huo: kipenyo kimepimwa kwa milimita na hesi kwa inchi. Umbali kutoka ukingo wa tundu hilo hadi kwenye filamu nao ukawekwa kuwa milimita 28.8 kwa kila kamera.

Vipimo hivyo vitatu vilikuwa uamuzi wa kiwanda kimoja tu. Lakini wengine walivifuata: Warusi, kisha Wajapani, kisha Waitalia na Waingereza. Mwaka 1954 Leitz wenyewe walipoiacha hesi na kuunda kishikio kipya cha kufunga kwa mzunguko mfupi katika kamera yao ya M3, walifanya jambo la busara ambalo viwanda vya leo vingefaa kuliiga. Waliupunguza ule umbali hadi milimita 27.8, yaani kwa milimita moja kamili, ili pete nyembamba yenye unene wa milimita moja iweze kuvalishwa lenzi ya kale nayo ikakaa mahali pake hasa. Hawakuwaambia wateja wao watupe walichokuwa nacho. Kwa sababu hiyo, mtu anayenunua leo Leica MP, iliyotoka mwaka 2003, au M-A ya mwaka 2014, au M6 iliyorudishwa sokoni mwaka 2022, anaweza kuivisha lenzi ya miaka ya 1930 na ikafanya kazi. Zeiss Ikon na kamera nyingi za Bessa zilizoundwa na kampuni ya Cosina ya Japani hadi mwaka 2015 zilishika kishikio hicho hicho. Bessa-R yangu ilibaki na hesi za asili, ndiyo maana haikuhitaji hata hiyo pete.

Walimu watapendezwa na sehemu inayofuata ya historia hii. Kamera ya kwanza ya Kirusi iliyofuata muundo wa Leica haikuundwa na wahandisi wenye mvi. Iliundwa na watoto. Mwaka 1927, huko Kharkiv nchini Ukraine, ilifunguliwa makao ya vijana waliookotwa mitaani baada ya vita na njaa. Aliyeyaongoza alikuwa Anton Makarenko, mwalimu ambaye vitabu vyake kuhusu malezi vingali vinasomwa katika vyuo vya ualimu. Makarenko aliamini kwamba kijana aliyepotoka hanyoshwi kwa mahubiri. Hukabidhiwa kazi ya maana akajiona naye ni mtu. Kwanza vijana hao walitengeneza mashine za umeme za kutobolea, kisha wakaingia katika kamera, kazi ambayo kosa lake hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita. Kamera yao iliitwa FED, kwa herufi za kwanza za jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri wa Urusi ya Kisovieti. Jina hilo si la kujivunia. Lakini kuanzia mwaka 1934 kamera hizo zilitoka kwa maelfu kutoka kwa mikono ambayo jamii ilikuwa imekwisha kuiita ya wezi na waokotaji. Wakati wowote ninaposikia mwanafunzi akiitwa mbumbumbu mbele ya wenzake, huwakumbuka watoto wa Kharkiv.

Lenzi ya mwalimu wangu, iitwayo Jupiter-8, ina ukoo tofauti kidogo. Babu yake ni Sonnar, iliyobuniwa na Ludwig Bertele wa Ujerumani na kuuzwa na Zeiss kuanzia mwaka 1932 pamoja na kamera ya Contax. Hapa ningependa wanafunzi wa fizikia watege masikio. Mwanga unapotoka hewani kuingia katika kioo kitupu, karibu asilimia 4 yake huakisiwa na kurudi. Vivyo hivyo unapotoka katika kioo kurudi hewani. Lenzi nzuri huhitaji vipande kadhaa vya kioo ili kurekebisha makosa ya kupinda miale, na kila kipande kina nyuso mbili. Lenzi yenye nyuso nane zinazogusa hewa hupitisha takriban asilimia 72 tu ya mwanga. Ubaya zaidi ni kwamba mwanga ulioakisiwa haupotei kabisa. Huzurura ndani ya lenzi na kuitia picha ukungu. Bertele aliviunganisha vipande sita kwa gundi angavu katika mafungu matatu, nyuso zinazogusa hewa zikabaki sita, na mwanga unaopita ukapanda hadi asilimia 78. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyefanya kazi Zeiss huko Jena, alipata njia ya kukipaka kioo utando mwembamba mno unaopunguza uakisi huo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Warusi walichukua mitambo, michoro na hata shehena za kioo kutoka Ujerumani kama fidia ya vita, nao wakaendelea kuiunda Sonnar kwa jina la Jupiter, ikiwa imepakwa utando. Kwa hivyo katika kopo lile la bati la mzee wetu mlikuwamo bongo za Wajerumani, mikono ya Warusi na nyara za vita, vyote vikiwa na uzito usiofika ule wa kitabu cha kiada.

Sasa turudi kwenye kisa. Jioni ile mwanga ulikuwa umepungua barazani. Nilifungua kitundu cha lenzi hadi mwisho, yaani f/2, nikamkaribia mzee kwa umbali wa mita moja hivi, nikampiga picha kumi na mbili za uso. Asubuhi yake nikatupiga sote uani, juani, kitundu kikiwa f/8. Niliporudi Nairobi nikaipeleka filamu ikasafishwe. Picha za uani zilikuwa safi, kila mtu akitambulika hadi vifungo vya shati. Zile kumi na mbili za barazani zilinivunja moyo. Macho ya mwalimu wangu yalikuwa kama yanayotazamwa kupitia mvuke wa chungu, ilhali nywele za juu ya masikio yake zingeweza kuhesabiwa.

Nilikasirika. Niliilaumu lenzi, nikawalaumu walioiunda, nikajiambia kwamba kuukuu ni kuukuu. Nikampigia simu mwalimu kumweleza kuwa jicho lake lilikuwa limeingia mtoto wa jicho. Alicheka kwa muda mrefu kisha akaniuliza swali moja tu.

"Uliipima kabla?"

Nikanyamaza.

"Nilikufundisheni miaka minne," akasema, "kwamba chombo kisichopimwa hakitoi ushahidi. Picha za uani zimetoka vipi?"

Nikamjibu kuwa zilikuwa nzuri.

"Basi jicho si bovu. Kaa chini, ufanye hesabu."

Nilikaa chini, nikaifanya. Kamera za aina hii hazifanani na zile ambazo mpiga picha hutazama kupitia lenzi yenyewe. Juu yake mna madirisha mawili yaliyoachana kidogo. Katika Bessa-R yameachana kwa milimita 37, na katika Leica za ukoo wa M kwa karibu milimita 69. Mpiga picha huona taswira mbili za kitu kimoja zikipishana. Anapoizungusha lenzi, ukingo wake wa nyuma husukuma kigurudumu kidogo ndani ya mwili wa kamera, na kigurudumu hicho huisogeza taswira moja mpaka iilalie nyingine. Hapo umbali umepatikana. Ni pembetatu ile ile ambayo mwalimu wa hisabati huichora ubaoni, ikiwa imewekwa katika kisanduku cha chuma.

Hebu tuone linalofuata kutokana na hayo. Kamera hii haioni kinachoonwa na lenzi. Huipokea habari ya lenzi kupitia kigurudumu kile na kuiamini. Habari ikiwa na kosa, kamera haina njia ya kujua, wala mpiga picha hana njia ya kujua mpaka filamu isafishwe.

Na habari za lenzi yangu zilikuwa na lafudhi ya kigeni. Lenzi zote hizi huitwa za milimita 50, lakini namba hiyo ni ya kukadiria. Leitz walizijenga kamera zao kwa kukisia kwamba urefu halisi wa fokasi ni milimita 51.6. Zeiss, kwa Contax na Sonnar, walitumia milimita 52.4. Mafundi wengi wanaoshughulika na lenzi za Kirusi za ukoo wa Sonnar hutaja tofauti hiyo kuwa mojawapo ya sababu za matatizo yake katika kamera zinazofuata kipimo cha Leica. Tofauti yenyewe ni ya milimita 0.8 tu. Lakini mwanafunzi akiiingiza katika kanuni ya lenzi ataona kwamba, kamera inapodhani imelenga mita moja, lenzi huwa imelenga sentimita 3 mbele ya hapo, yaani nyuma ya uso wa anayepigwa picha. Katika umbali huo na kitundu cha f/2, eneo lote la kina linaloonekana safi ni la sentimita 5 hivi, nusu upande huu na nusu upande ule. Kosa la sentimita 3 linatosha kuyatoa macho nje ya eneo hilo. Na lenzi iliyofunguliwa na kufungwa na mafundi wa vichochoroni kwa miaka sitini huongeza makosa yake yenyewe juu ya hilo. Kule uani, kwa f/8 na umbali wa mita kadhaa, eneo safi lilikuwa kubwa kiasi cha kulimeza kosa lote. Ndiyo maana picha zile zilitoka salama.

Kwa hiyo lenzi haikuwa na kosa la kuitia aibu. Nami sikuwa na haki ya kuilaumu.

Kwa yeyote atakayetaka kufuata njia hii, haya ndiyo niliyojifunza. Kwanza, ipime lenzi kabla ya kuipa kazi yenye maana. Laza rula mezani kwa mshazari, weka alama katikati, simama umbali wa mita moja, lenga alama hiyo na upige picha kwa f/2, kisha f/2.8, kisha f/4, ukiandika kila hatua. Ni muhimu kujaribu vitundu vyote, kwa maana lenzi za ukoo wa Sonnar zina tabia ya kusogeza fokasi nyuma kidogo unapoanza kufunga kitundu. Miale inayopita ukingoni mwa kioo haikutani mahali pamoja na inayopita katikati, na unapoizuia ile ya ukingoni, mahali pa kukutania hubadilika. Asiyetaka kupoteza filamu anaweza kufungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, akabandika karatasi inayopitisha mwanga mahali ambapo filamu hupita, akaiacha shata wazi na kuitazama taswira kwa kioo cha kukuzia. Ni somo zima la maabara kwa gharama ya karatasi moja.

Pili, ujue kwamba si kila lenzi inayoingia inafaa. Jupiter-12 ya milimita 35, kwa mfano, ina kioo cha nyuma kinachojitokeza mno ndani ya kamera, na haikai katika Bessa-R. Lenzi za kale zinazorudishwa ndani kama kobe avutavyo shingo yake zisirudishwe zikiwa katika kamera mpya kabla ya kuhakikisha kuwa hazitagonga kitu.

Tatu, na hili linawahusu zaidi wakazi wa Pwani, tazama ndani ya lenzi kwa tochi kabla ya kuinunua. Joto na unyevu huzaa kuvu, na kuvu hutandaza nyuzi zake juu ya kioo kama buibui mpaka ule utando ukaharibika. Gundi ya kale iliyounganisha vipande nayo huweza kuachia, na mafuta ya hesi huweza kuyeyuka na kuacha ukungu. Lenzi ipenda hewa kavu na mwanga. Kuifungia kabatini ndani ya mkoba wa ngozi ni kuichimbia kaburi. Lenzi ya mwalimu ilisalimika kwa sababu mzee aliiweka pamoja na punje za kukausha unyevu na, kwa maneno yake, kuitoa ipunge hewa kila Jumapili. Aidha, mwenye kamera yenye mapazia ya kitambaa asiiache ikielekea jua letu la ikweta bila kifuniko cha lenzi. Kioo kile kile kinachochora picha huweza kutoboa pazia kwa moto, kama watoto watoboavyo karatasi kwa kioo cha kukuzia.

Yamkini kuna msomaji anayeuliza: taabu yote hii ya nini? Simu iliyo mfukoni mwangu hulenga yenyewe, hupima mwanga yenyewe, na haihitaji filamu. Filamu ni ghali, wanaoisafisha wamekuwa wachache, na Leica mpya iliyotajwa hapo juu huuzwa kwa zaidi ya dola 5,000, fedha ambazo mwalimu wa kawaida hawezi kuzitenga kwa ajili ya picha. Je, huu si mchezo wa matajiri wanaoona fahari kuishi kama babu zao?

Swali hilo ni la haki, na sehemu yake ni ya kweli. Wapo wanaonunua lenzi za kale ili kuzionyesha, na bei zake zimepandishwa na watu wa namna hiyo. Wapo pia wanaodai kwamba kioo cha kale kina uchawi. Hakina. Kina makosa yanayoweza kuelezwa: rangi laini kidogo, weusi usio mzito sana, mng'ao unaotanda taa au jua likiingia pembeni, na mandhari ya nyuma inayoyeyuka kwa upole. Lakini tusiharakishe kuyadharau makosa hayo. Viwanda vyenyewe vimeyarudia kwa makusudi. Zeiss walitoa Sonnar mpya kwa kamera hizi mwaka 2006. Mwaka 2016 Leica waliirudisha Summaron ya milimita 28, na mwaka 2017 wakaifufua Thambar, lenzi ya mwaka 1935 iliyoundwa ili ilainishe uso wa mtu. Kama waundaji wa lenzi kali kuliko zote duniani wameona kuwa ukali si kila kitu, mimi ni nani niwabishie? Uso wa mzee wa miaka themanini na ushei hauhitaji kuhesabiwa kila kinyweleo ili uheshimike.

Nao waandishi wa habari za picha walilijua hili zamani: si lazima kifaa chote kitoke katika kiwanda kimoja. Mwaka 1950 David Douglas Duncan, mpiga picha wa gazeti la Life, alikuwa Tokyo alipoonyeshwa na Jun Miki, Mjapani mwenzake wa kazi, uwezo wa lenzi za Nikkor ambazo Magharibi ilikuwa haijazithamini. Duncan alizivisha Leica zake, na vita vya Korea vilipozuka mwaka huo huo, alikwenda navyo vitani. Picha alizoleta zilibadili fikira za wengi kuhusu kazi ya Wajapani. Hilo liliwezekana kwa sababu ya lile tundu la milimita 39 ambalo kila mtu aliliheshimu.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo hili, nacho kinapita upigaji picha. Tunaishi katika zama ambapo kitabu cha kiada alichosomea kaka hakimfai mdogo wake. Tumeambiwa kuwa hayo ndiyo maendeleo. Lakini kuna maendeleo ya aina nyingine, yale ya Wetzlar mwaka 1954: unaunda kipya, kisha unaacha nafasi ya milimita moja ili cha kale kiweze kuingia. Anayeunda mtaala mpya wa shule, anayeandika kamusi mpya, anayerithi ofisi kutoka kwa aliyestaafu, wote wangefaa kujiuliza wameiacha wapi milimita hiyo.

Sisemi kwamba cha kale kipokewe bila kuulizwa. Kisa changu kinathibitisha kinyume chake. Lenzi ya mwaka 1963 ilipoingia katika kamera yangu bila kupimwa, iliniharibia picha kumi na mbili. Ilipopimwa, ikajulikana kosa lake na kiasi chake, ikawa chombo cha kutegemewa. Heshima kwa mzee haina maana ya kukubali kila alisemalo. Ina maana ya kujua ni wapi anaona vizuri na ni wapi umsaidie. Na kamera mpya ilimsaidia mzee huyu pia: shata yake ya chuma haipasuki kama pazia la Zorki, na kipima-mwanga chake, kwa kuwa hupima mwanga uliokwisha kupita katika lenzi, hakijali lenzi hiyo ilizaliwa mwaka gani.

Ninalo ombi kwa walimu wa fizikia na wa sanaa. Katika kabati za shule zetu, hasa zile zilizowahi kuwa na vyama vya wapiga picha, zimo kamera ambazo hakuna aliyezigusa kwa miaka mingi. Kabla hazijauzwa pamoja na vyuma vikuukuu, zifungueni mbele ya wanafunzi. Fundisheni fokasi kwa lenzi ambayo mwanafunzi anaweza kuishika. Mwacheni akadirie umbali kwa jicho, kisha apime kwa utepe, aone amekosea kiasi gani. Mwacheni aone taswira ikianguka juu chini kwenye karatasi. Simu itampa picha, lakini haitamwonyesha ilivyopatikana. Na kijana asiyejua kitu kilivyopatikana atabaki mnunuzi wa kazi za wengine milele.

Nilirudi Pwani miezi mitatu baadaye. Safari hii nilijua nifanye nini. Kwa kuwa lenzi hulenga sentimita 3 nyuma ya mahali inaposema, nililenga ncha ya pua ya mwalimu ili macho yake yaangukie mahali penyewe. Nilipiga picha nne tu. Moja ya hizo sasa imetundikwa sebuleni kwake, karibu na shahada ya Moscow. Anatazama moja kwa moja ndani ya lenzi aliyoichukua nusu ya karne na zaidi akiwatazama watoto wa wengine, na macho yake ni maangavu.

Nilipompa picha hiyo aliishika mbali, kisha karibu, kisha akanirudishia lile kopo la bati.

"Kaa nalo," alisema. "Ila ukimpa mwingine, mwambie kwanza kuhusu pua."